Mac au Windows? Kwanza nione faili la kamera yako

*"Kaka, habari za kazi. Mimi nipo Masasi, nashuti na kuediti harusi, sendofu, unyago na mara mojamoja matangazo ya maduka. Natumia HP EliteBook, Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, hadi diski GB 500. Zamani ilinitosha. Tangu nianze kuazima kamera ya Sony a7 IV ya rafiki yangu, narekodi XAVC HS 4K na video inakwamakwama mpaka nashindwa kukata. Naediti kwa Premiere niliyowekewa na jamaa kwa flashi. Nimepata milioni 3 na laki 4, nusu yake ni ya mjomba aliyeuza korosho. Rafiki zangu wa Dar wanasema mtaalamu lazima awe na Mac. Mwingine anasema ninunue deskitopu yenye kadi kubwa ya picha. Kwenye fremu yangu umeme unakatika ovyo, na wakati mwingine naediti hukohuko Newala au Nachingwea usiku, maana bibi harusi anataka kipande cha kuposti asubuhi. Kijana anayenisaidia anajua Windows tu. Ninunue nini nisijute?"*

Nzuri, mdogo wangu. Nikiisoma barua yako taratibu, naona jina la kompyuta si ndilo linalokunyima usingizi. Unaogopa kuitia hela ya mjomba kwenye mashine mpya, halafu usiku wa kwanza ukae mbele yake na video ikwame vilevile. Woga huo una msingi. Yalishanikuta, nitakusimulia hapo chini.

Nijitaje nilipo, ili ujue unasikiliza nani. Naediti Shangani, Mtwara mjini, karibu kabisa na bahari, kwa deskitopu ya Windows niliyoiunga kwa mikono yangu. Mac nimezitumia kwenye kazi za watu, sijawahi kumiliki. Kwa hiyo ukiona mwishoni nimeegemea upande usioutarajia, ujue sijabebwa na mapenzi.

Hili la "mtaalamu lazima awe na Mac" lina historia. Final Cut, programu ya kuediti ya Apple, ilitoka 1999, kwa miaka mingi ikafanya kazi kwenye Mac peke yake, na studio nyingi zikajengwa juu yake. Vijana waliojifunzia humo wakatoka na imani kwamba kazi nzuri inatokana na lile tofaa mgongoni. Leo Premiere ipo Mac na Windows, DaVinci Resolve, nayo ya kuediti, ipo Mac, Windows na Linux, na mteja wako wa Nachingwea akitazama harusi yake kwenye simu hajui wala hajali imetoka kwenye mashine gani. Na yule wa kadi kubwa ya picha naye amesema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayokukwamisha.

Umekulia kwenye korosho, basi chukua daftari la karani wa ghala. Jumatatu anaandika kila kitu: jina la mkulima, kijiji, magunia, kilo, daraja. Jumanne amechoka, anaandika "kama jana, ila fulani kaongeza gunia mbili." Jumatano, "kama jana, ila yule wa Chiungutwa katoa moja." Daftari linakuwa jembamba, linabebeka. Lakini nikikuuliza Alhamisi jioni kulikuwa na kilo ngapi, huwezi kufungua ukurasa wa Alhamisi ukanijibu. Lazima urudi Jumatatu, usome, ujumlishe, utoe, ndipo ufike. Sasa ongeza ukorofi mmoja: baadhi ya kurasa zimeandikwa "katikati ya jana na kesho," kwa hiyo hata kesho lazima uisome kwanza.

Hivyo ndivyo H.264 na H.265, yaani njia za kubana video zinazotumiwa na kamera na simu nyingi, zinavyohifadhi video. Fremu moja (ya video, si ile ya duka) inahifadhiwa nzima, zinazofuata zinahifadhi mabadiliko tu. Kucheza mbele moja kwa moja kompyuta inamudu, maana inasoma daftari kwa mpangilio. Wewe unapoediti unafanya fujo: unarudi nyuma, unaruka katikati, unaweka kamera mbili juu ya nyingine, unacheza kinyumenyume kutafuta bibi harusi alipofumba macho. Kila ukigusa, kompyuta inarudishwa Jumatatu.

Halafu tazama ukubwa wa kazi yenyewe. Tuseme kamera yako inarekodi megabiti 200 kwa sekunde, fremu 50. Kwenye kadi hiyo ni MB 25 tu kila sekunde. Lakini fremu moja ya 4K ikishafunguliwa ina nukta zaidi ya milioni 8, na kwa hesabu ya baiti 4 kila nukta inakula kama MB 33 za kumbukumbu. Mara 50, unapata zaidi ya GB 1.6 kila sekunde. Zinaingia MB 25, zinatakiwa zitoke GB 1.6, na kila fremu imepewa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Ikichelewa, ndipo unapoona kukwama.

Nani anayeifanya kazi hiyo? Ndani ya kompyuta kuna njia mbili. Ya kwanza ni prosesa yenyewe, inayojua kila kitu ila hili inalifanya kwa jasho. Ya pili ni kisimbuzi, kama kile cha TV ya nyumbani, isipokuwa hiki ni kieneo kidogo ndani ya chipu, kazi yake moja tu: kufungua video za aina fulani. Kikiijua lugha ya faili lako, kinalifungua huku kinapiga mluzi. Kisipoijua, kinakaa pembeni mikono mfukoni na prosesa inabeba mzigo wote.

Lugha hizo ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani. "H.264" au "H.265" ni ukoo tu. Kuna biti 8 na biti 10, yaani ngazi 256 za kila rangi au ngazi 1,024. Kuna 4:2:0 na 4:2:2, yaani rangi imepunguzwa sana au imepunguzwa kiasi. Simu yako inarekodi 4:2:0. Hiyo a7 IV, ukiiwekea ubora wa juu kwenye XAVC HS, inakupa H.265 ya biti 10, 4:2:2. Ni faili zuri kweli, hasa kwa rangi, lakini ndilo lililowashinda wengi.

EliteBook yako ina chipu ya kizazi cha 6. Kisimbuzi chake kinajua H.265 ya biti 8, basi. Biti 10 zilikuja na kizazi cha 7, na hiyo 4:2:2 ya biti 10 Intel kwa ujumla wameizoea kuanzia kizazi cha 11. Apple wanayo kwenye chipu zao zote tangu M1 ya mwishoni mwa 2020. Na sasa sikia hili ambalo rafiki yako wa kadi kubwa hakukwambia: NVIDIA, pamoja na nguvu zake zote, kadi zake za GeForce hazikuwa na kisimbuzi cha 4:2:2 mpaka zilipotoka RTX za mfululizo wa 50 mwaka 2025. RTX 3060, RTX 4070, zote mabingwa wa rangi na efekti, lakini mbele ya faili lako zinampisha prosesa. Kwa AMD usidhani chochote, dai waucheze mkanda wako mbele ya macho yako.

Hapo ndipo niliponaswa. Mwaka 2022 nilikwenda Kariakoo na hela taslimu, nikaunganishiwa mashine: i5-12400F, RAM GB 16, kadi ya picha ya kupendeza, na taa za rangi kama basi la usiku. Herufi F mwishoni sikuijali, muuzaji alisema ni ileile ila bei nafuu. Nikapanda nayo basi, nimeikumbatia mapajani tangu Mbagala. Usiku wa kwanza nikaweka unyago wa Nanyamba uliopigwa na kamera ya H.265 ya 4:2:2. Ngoma inalia vizuri, picha inaruka kama panzi. Nilihangaika siku tatu, nikafuta Windows, nikaiweka upya, nikamlaumu hadi aliyepiga video. Kumbe F maana yake prosesa imeuzwa bila sehemu ya picha ya ndani, na kisimbuzi cha Intel kinakaa humohumo. Nilikuwa nimeokoa hela kidogo kwa kukiacha dukani kile kitu pekee nilichokihitaji. Nilibadilisha prosesa nikachukua isiyo na F, mashine ileile, kadi ileile, video ikatulia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza Mac au Windows, fanya jaribio hili leo usiku. Weka programu ya bure iitwayo MediaInfo, burutia faili moja la kamera, itakuonyesha kama ni H.264 au H.265 (yenyewe inaziita AVC na HEVC), biti ngapi, na 4:2:0 au 4:2:2. Andika mahali. Kisha cheza faili hilohilo kwenye Premiere huku Task Manager iko wazi kwenye ukurasa wa utendaji. Ukiona CPU (ndiyo prosesa) imepanda asilimia 100 na grafu ya Video Decode imelala chini, umemkamata mchawi. Ikiwa CPU imetulia ila diski ndiyo iko 100, shida yako ni ile hadi diski, na dawa yake ni SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya bei ndogo tu.

Ninavyokuona, unazo zote mbili. RAM GB 8 nayo ni ya tatu.

Na usinunue chochote wiki hii. Hiyo a7 IV ina uwezo wa kurekodi proksi: faili dogo sambamba na lile kubwa, kwenye kadi ileile. Iwashe kwenye menyu. Utaediti kwa faili dogo hata kwenye EliteBook yako, na wakati wa kutoa kazi Premiere inarudi kwenye faili kubwa yenyewe. Kutoa kazi kutachukua usiku mzima, ndiyo, lakini kukata kutakuwa laini. Kwa video ulizokwisha kuzipiga, Premiere inaweza kukutengenezea proksi: chagua klipu zote, bofya kulia, tafuta Proxy, acha mashine ifanye kazi ukalale. Tatizo ni umeme wa Masasi, kwa hiyo zitengeneze kwa mafungu, usitie harusi nzima kwa mkupuo.

Au punguza kwenye kamera. Ondoka XAVC HS, ingia XAVC S 4K, fremu 25, megabiti 100, 4:2:0 ya biti 8. Hiyo ni H.264 ya kawaida ambayo hata kisimbuzi chako cha kizazi cha 6 kinaijua. Utapoteza nafasi ya kuchezea rangi, kwa hiyo usipige S-Log (ile picha iliyopauka ya kurekebishwa rangi baadaye) kwa biti 8, anga la mchana wa Masasi litakutoka vipande vipande kama ngazi. Piga rangi ya kawaida, pata mwanga sahihi palepale. Nikwambie ukweli, harusi tisa kati ya kumi ninazoletewa hapa zingependeza zaidi kama mpigaji angejali mwanga badala ya biti. Na kama kazi inaishia WhatsApp na YouTube, hata 1080p haijafa.

Sasa tuje kwenye kununua, maana najua utanunua tu.

Deskitopu ya Windows ndiyo inayokupa nguvu nyingi kwa kila shilingi. Intel ya kizazi cha 12 au zaidi isiyo na F, RAM GB 32, SSD ya NVMe, kadi ya picha ya wastani. Pawa saplai ikiungua, fundi wa hapohapo Masasi anafungua skrubu nne anaweka nyingine. RAM ikipungua unaongeza. Mei 2024, barabara ya Lindi kwenda Dar ilipokatika Somanga baada ya mvua za kimbunga Hidaya, wenye mashine zinazotengenezeka hapahapa ndio walioendelea na kazi. Mimi ndiyo maana nabaki nayo, ingawa hapa Shangani hewa ya chumvi inanilazimu kufungua kava kila baada ya miezi michache kusafisha miguu ya RAM.

Ila deskitopu inataka umeme wa kueleweka. Mashine yenye kadi ya picha, ikiwa inatoa kazi, inakula wati 300 bila shida. Ile UPS ndogo ya VA 650 wanayouza kila duka si wati 650, ni kama wati 360 tu, na inakupa dakika chache za kusevu na kuzima, si kuendelea na kazi. Wengi wanaichukulia kama jenereta, halafu wanashangaa. Na huwezi kuibeba deskitopu kwenda Newala kwenye bodaboda.

Laptopu ya Windows ya wacheza gemu inabebeka na ina kadi nzuri. Nina neno moja juu yake: ichomoe chaja uone. Nyingi zinashuka nguvu ghafla zikiwa kwenye betri, na chaja zake ni za wati 180, 230, hata zaidi, ambazo inveta ndogo ya sola inazikataa. Feni zake zinavuma kama mashine ya kukoboa, na vumbi la Masasi linazimaliza. Kama una mahali penye umeme wa uhakika ni nzuri. Wewe huna.

Linux niipite haraka. Ni imara, ni bure, studio kubwa za rangi wanaitumia. Kwa mtu wa harusi anayepokea klipu za simu za mashangazi kumi, itakuchosha bure.

Imebaki Mac. Hapa kuna uongo mwingi wa kusafisha. Si kweli kwamba RAM GB 8 ya Mac ni sawa na 16 ya Windows. Mac inajua kukopa nafasi kwenye SSD yake haraka, ndiyo maana huoni kukwama mapema, lakini ukiweka 4K ya kamera mbili na rangi juu yake, GB 8 zinaisha kama za mwenzake. Tena kwenye Mac kumbukumbu hiyohiyo inagawana na sehemu ya picha, na huwezi kuongeza hata siku moja. Unachonunua ndicho utakachozikwa nacho. Si kweli pia kwamba Mac haipati virusi, hasa ukiiwekea programu za kuchakachua. Na si kweli kwamba kila MacBook ni sawa. Ukiona MacBook Pro ya Intel inang'aa kwa bei ya huruma, ipite. Apple wametangaza kwamba macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kuzikubali chipu za Intel.

Ukweli wake ni huu: kuanzia M1, Mac ina kisimbuzi cha faili lako hilohilo linalokutesa, inafanya kazi kwenye betri kwa nguvu ileile ya kwenye chaja, na MacBook Pro ya inchi 14 ya 2021 chaja yake haifiki wati 100. Ina tundu la kadi ya SD pembeni, unachomoa kwenye kamera unachomeka, huhitaji vikorokoro. Umeme ukikatika katikati ya kutoa kazi, huna habari.

Nikiyaweka yako yote mezani, kwa shingo upande, mimi mtu wa Windows, nakwambia: tafuta MacBook Pro ya inchi 14 yenye M1 Pro, RAM GB 16, iliyotumika vizuri. Kilichoniamua ni kule kuediti usiku Newala na umeme wa kwenye fremu yako. Ungeniambia unakaa sehemu moja na una inveta ya maana, ningekupeleka kwenye deskitopu bila kupepesa macho. Na ukija kukosa Mac safi kwa bei hiyo, usishuke hadi MacBook Air ya GB 8 kwa sababu tu ina jina. Nunua deskitopu, na kazi za usiku za ugenini uendelee kuzikata kwa proksi kwenye EliteBook.

Mashine isikule zaidi ya robo tatu ya hela yako. Robo inayobaki ni ya diski, na hapa sicheki. Kwa megabiti 200, saa moja ya video ni GB 90. Harusi ya saa sita za klipu ni GB 540. Hiyo Mac ya GB 512 haimezi hata harusi moja. Unahitaji SSD ya nje ya TB 1 ya kuedita juu yake, na hadi diski mbili za kuhifadhia, mbili zenye kitu kilekile, moja ikae fremu na nyingine nyumbani. Niliwahi kuangusha hadi diski moja sakafuni, kimo cha meza tu, ikaanza kugonga tik, tik, tik. Ilikuwa na harusi iliyokwisha kulipwa, na nakala nyingine sikuwa nayo. Sitaki kukuelezea mazungumzo yangu na baba wa bibi harusi.

Angalia na hili: diski zako za sasa bila shaka zimeformatiwa NTFS, mpangilio wa Windows. Mac itazisoma, haitaandika. Diski ya kupokezana na kijana wako iformati exFAT, inakubali pande zote mbili, ila lazima uichomoe kwa kuiaga kwanza. Ukiing'oa ghafla, exFAT ina tabia ya kupoteza kumbukumbu ya nini kiko wapi.

Kuhusu huyo kijana, hapo ndipo ninapokukataza Final Cut, pamoja na uzuri wake. Mradi wa Final Cut haufunguki kwenye Windows, mtakuwa nyumba moja lugha mbili. Tumieni DaVinci Resolve. Toleo la bure halina alama ya maji, linatoa hadi 4K, na sura yake ni moja kwenye Mac na Windows, atazoea kubonyeza Command badala ya Control ndani ya wiki. Jihadhari na kitu kimoja: kwenye Windows toleo la bure lina mipaka kwa mafaili ya biti 10 kama yako, kwa hiyo yeye mpe proksi au faili la biti 8. Toleo la kulipia, Studio, ni dola 295 mara moja tu, si kila mwezi kama Premiere. Na hiyo Premiere ya flashi, mdogo wangu, sikuhubirii dini, ila nimeshafungua kompyuta za watu humu mjini nikakuta programu ya kuchakachua imekuja na mgeni anayechimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana. Mwenye mashine analalamika inakwama.

Siku ya kununua, usiende peke yako na usiende jioni. Chukua flashi yenye sekunde 30 za faili lako bovu kuliko yote, icheze mbele ya muuzaji, irudishe nyuma, iburute. Kwa Mac iliyotumika, mwambie aifute yote mbele yako na muianzishe upya ikiwa kwenye intaneti, hata kwa data ya simu yako. Ikitokea skrini inayosema kompyuta inasimamiwa na kampuni fulani kwa mbali, au inadai akaunti ya Apple ya mtu mwingine, inuka uondoke. Hiyo ni mali ya watu, na siku yoyote inaweza kufungwa ikabaki sahani ya bati. Kisha fungua taarifa za mfumo, upande wa betri, utazame idadi ya mizunguko. Apple wanaihesabia betri hiyo mizunguko 1,000. Ikiwa 850, hesabu bei ya betri mpya kwenye mapatano. Muuzaji akikwambia "hiyo haihitajiki, bosi," basi inahitajika.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Ukigusa kava la kompyuta yoyote kwenye fremu yako ukasikia mtetemo wa umeme vidoleni, mwite fundi umeme akague eathi kabla ya kuchomeka mashine ya milioni. Betri ya laptopu ikivimba na kuinua kibodi, izime, usiichaji, usiibonyeze, ipeleke kwa fundi. Diski ikianza kugonga kama yangu, chomoa hapohapo, usijaribu mara ya pili wala usiweke programu za kuokoa mafaili, kila mzunguko unazidi kuikwangua. Na kama MediaInfo inakwambia H.264 ya biti 8, 4:2:0, na bado inakwama kwenye SSD, basi ugonjwa si huu niliouandika, mashine inatakiwa ionwe ana kwa ana.

Nitumie majibu ya MediaInfo na picha ya hiyo Task Manager kabla hujapanda basi la Dar.